Mlango wa Jikoni



Mwaka jana nikiwa Ireland, ndugu aliyenikaribisha alinichukua kwa gari kutoka Dublin, zaidi ya saa mbili, hadi Lough Key karibu na mji wa Boyle. Ni msitu wa umma kando ya ziwa lenye visiwa vidogo vidogo. Kuzuri ajabu! Watoto wanacheza, wazee wanatembeza mbwa.

Zamani palikuwa shamba la matajiri, Rockingham, la ukoo wa King waliotoka Uingereza. Kabla yao ardhi ilikuwa ya ukoo wa MacDermot. Jumba lao lilichorwa na John Nash, yule aliyeigeuza Buckingham House kuwa ikulu. Liliungua 1957 na leo halipo. Kilichobaki ni mahandaki.

Nilidhani ni ya vita. Kumbe ni ya watumishi! Walipita chini ya ardhi na mizigo yao, ili wenye nyumba na wageni wakitazama ziwa wasimwone mtu anayefanya kazi.

Mimi nilisomea biashara, kwa hivyo swali langu la kwanza lilikuwa: si walilipwa? Kama walilipwa, kosa liko wapi? Hata hoteli huficha jikoni. Lakini nikitembea mle ndani nikaona hesabu haifungi. Mshahara unanunua kazi ya mtu. Haunipi haki ya kumfanya kama hayupo. Kwenye Mwanzo 16, anayempa Mungu jina la Mwenye kuona si Sarai mwenye nyumba. Ni Hajiri, mjakazi.

(Hebu nikuulize: anayeosha vyoo vya kanisa letu kila Jumamosi, unajua jina lake?)

Nyumbani kwangu hakuna handaki. Kuna mlango wa jikoni. Wazee wa kanisa walipotutembelea, dada anayetusaidia kazi alikuwa amepika tangu alfajiri. Nikamwambia apitie nyuma, wageni wasisumbuliwe. Nilisema hivyo kwa upole kabisa, na wazee wakasifu chapati. Mke wangu akapokea sifa, nami nikanyamaza.

Niliporudi kutoka safari, Jumapili baada ya ibada nikaweka sahani moja zaidi mezani, nikamwita aje aketi nasi. Alisimama mlangoni, kitambaa mkononi, akaniangalia.

“Pasta,” akasema, “kwani nimekosea wapi?”