Kukinga Nuru na Kuficha Ukweli

Watu wengi huamini kwamba anayetaka kuujua ukweli hana budi kuacha kila kitu kimfikie: kila habari, kila shahidi, kila minong'ono ya mtaani. Kukataa kusikia jambo fulani huhesabiwa kuwa ni woga au hila. Katika kurasa hizi chache nataka kulijadili wazo hilo, kwa kuwa naona lina nusu tu ya haki. Na kwa vile mawazo matupu huponyoka upesi, nitaanza na chombo kidogo cha wapiga picha.

Wako wapiga picha wanaotumia kamera kubwa ya mvukuto, ile isimamayo juu ya miguu mitatu. Mbele ina lenzi, nyuma ina kioo cha ukungu, na baina yake pana mvukuto mweusi unaokunjuka. Mpiga picha hujifunika shuka jeusi, akaiona sura ya kitu ikiwa kichwa chini miguu juu, akapanga kila jambo taratibu kabla ya kuingiza filamu. Ni kamera ya majengo, mitambo na miamba. Si ya kukimbizana na maharusi. Sasa, lenzi ya kamera hiyo hupitisha duara la nuru lililo kubwa kuliko filamu yenyewe. Nuru iliyozidi haipotei. Huingia ndani, ikagonga kuta za mvukuto, ikarudi na kutawanyika juu ya filamu. Haichori kitu chochote. Huvifanya tu vivuli kuwa vya kijivu, na picha nzima ikaonekana kana kwamba imepigwa nyuma ya chandarua.

Shinyanga ni mahali pa kuujua ugonjwa huu. Miti mingi ya nyanda zile ilifyekwa katika miaka ya 1920 na 1930, katika vita dhidi ya mbung'o, na ukifika mwezi wa Septemba, kabla ya mvua, mbingu huwa nyeupe kwa vumbi na mawe ya matale hung'aa kama mabati mapya. Nuru hutoka kila upande. Ukiielekeza lenzi kwenye mlango wa shimo la mgodi, ambako kiza ndicho hasa unachotaka kukionyesha, mbingu yote hujimwaga ndani ya kamera pamoja na lile shimo.

Dawa yake ni kikingio: mvukuto mdogo wa pili, unaofungwa mbele ya lenzi na kuvutwa au kurudishwa juu ya reli yake. Fundi mmoja mzee aliyenionyesha kazi hiyo pale Shinyanga mjini alikiita kofia, na jina hilo linatosha. Kofia hii haina kipimo kimoja. Lenzi inayoona upana mkubwa huhitaji kofia fupi. Lenzi inayoona mbali na kwa wembamba huvumilia kofia ndefu. Ukiinua lenzi ili upate kilele cha mnara wa mgodi, sharti uinue na kofia. Huvutwa hadi ikaribie mpaka wa picha, ikasimama hapo. Ikipita hapo huanza kula pembe.

Tuangalie kwanza upande wa haki. Nuru inayozuiwa na kofia ni nuru ya kweli. Jua halisemi uongo. Lakini si nuru ya picha ile. Aliyeizuia hakuficha chochote kilichokuwamo katika picha, bali amekiwezesha kilichomo kionekane. Hali kadhalika katika maisha. Msahihishaji wa mitihani ya taifa husoma karatasi yenye namba, haoni jina. Jina ni kweli, na huenda lingemwambia kabila, dini, hata ukoo wa mwanafunzi. Lakini ukweli huo haujibu kama hesabu imepatikana au imekosewa, na ukiruhusiwa kuingia utalitia jibu ukungu. Hakimu anayekataa kusikia kwamba baba wa mshitakiwa alikuwa mwizi wa ng'ombe hafanyi hila. Ameikinga lenzi yake. Basi si kila anayekataa kuangalia ni mwoga. Pengine yeye ndiye pekee mwenye nia ya kuona.

Lakini sasa tuje kwenye pembe za picha, maana hapo ndipo penye hatari. Mkono uleule unaozuia nuru ya pembeni unaweza, kwa kusogea kidogo tu, kuziba sehemu ya picha. Na aliyeusogeza hatajua. Lenzi ikiwa wazi kabisa, kivuli cha kofia huingia polepole kama moshi, na jicho lililozoea kutazama katikati huona kila kitu ni salama. Ni pale tundu la lenzi linapobanwa kwa ajili ya kupiga ndipo ukingo hukata waziwazi, na picha ikatoka ina pembe nyeusi.

Chukua mfano wa Bulyanhulu, wilayani Kahama. Mwezi wa Agosti 1996 wachimbaji wadogo waliondolewa pale ili kuipisha kampuni iliyokuwa mali ya Sutton Resources ya Kanada, na mashimo yao yakafukiwa. Yakazuka madai kwamba watu zaidi ya 50 walifukiwa humo wakiwa hai. Serikali na kampuni zikakanusha. Mwaka 1999 Barrick Gold, nayo ya Kanada, ikainunua Sutton. Chama cha wanasheria wa mazingira, LEAT, kikalivalia njuga suala hilo, na kufikia mwaka 2001 hata kanda za video zilikuwa zikibishaniwa: zinaonyesha nini, nani aliyemo, na ni wa shimo gani. Mwaka 2002 ofisi ya malalamiko iliyo chini ya kundi la Benki ya Dunia ilisema haikuona msingi wa madai ya watu kufukiwa. LEAT hawakuridhika na jibu hilo.

Sikusudii kuamua shauri hilo hapa. Ninachotaka msomaji akione ni kazi ya kofia. Swali la vifo lilistahili kukingwa sana. Nani hayupo? Jina lake nani? Alishuka shimo lipi, siku gani, na nani alimwona? Siasa za vyama, zilizokuwa bado changa tangu mwaka 1992, zilikuwa nuru ya pembeni. Hasira dhidi ya wageni ilikuwa nuru ya pembeni. Na fahari ya kuwapata wawekezaji nayo vilevile. Bila ya kuzizuia hizo hakuna ambaye angeona kitu. Hata hivyo, kadiri kofia ilivyovutwa kulizunguka swali hilo moja, ndivyo wengine walivyomezwa na pembe. Hao ni walio hai: waliotoka Bulyanhulu na godoro kichwani, wakiacha shimo walilolichimba kwa mkopo na kibanda walicholelea watoto. Tuseme hakufa hata mmoja. Je, jambo la hao litakuwa limekwisha? Katika mabishano mengi niliyoyasikia, jibu la swali la kwanza lilitumiwa kana kwamba limejibu na la pili. Pande zote mbili zilifanya hivyo: wengine waliona kwamba bila maiti hakuna dhuluma, wengine waliona kwamba dhuluma haiwezi kusemwa bila maiti.

Utajuaje basi kwamba kofia yako imepita mpaka? Wapiga picha wana njia, nami naiona kuwa ni mafundisho kamili ya maadili. Kioo cha ukungu mara nyingi hukatwa pembe zake nne, zikaachwa wazi. Mpiga picha hulibana tundu la lenzi kwa kipimo kile atakachopigia, kisha huweka jicho lake kwenye uwazi wa pembe na kutazama mbele, kupitia ndani ya kamera, hadi kwenye lenzi. Akiliona tundu zima, pembe ile ni salama. Akiona ukingo wa kofia umelifunika, ajue amezidisha. Angalia vizuri anachofanya. Haulizi katikati ya picha kama pembe inaonekana, kwa kuwa katikati daima pako sawa. Anakwenda kusimama penye pembe na kutazama kutoka huko.

Mtu anaweza kunipinga hapa, na pingamizi lake ni zito. Atasema: "Nani aliyekupa wewe mamlaka ya kuamua kipi ni picha na kipi ni pembeni? Kila mdhalimu husema kwamba asichotaka kisikike hakihusiki." Ni kweli. Kofia haina akili ya kujua mpaka, na aishikaye ana maslahi yake. Lakini dawa ya hilo si kuitupa kofia. Aliyeitupa atapata picha yenye kila nuru na isiyo na sura, na katika ukungu huo mdhalimu hujificha kwa raha kuliko mahali popote. Dawa ni kwamba mwenye kukinga asikubaliwe kuwa yeye peke yake ndiye mkaguzi wa pembe.

Jambo la mwisho ni kwamba kofia hii hurekebishwa, na aliyeiweka sawa jana hana ruhusa ya kuisahau leo. Wasukuma walilijua hili katika malisho yao. Ngitili hufungwa wakati wa mvua ili nyasi ziote bila kukanyagwa, na kiangazi kikikaza hufunguliwa ng'ombe waingie. Mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, ulioanza mwaka 1986, uliifufua desturi hiyo, na ardhi iliyokuwa kame ikaota miti tena. Kufunga ni kwa ajili ya kufungua. Ngitili isiyofunguliwa kamwe hugeuka kuwa shamba la mwenye nguvu, na maskini mwenye ng'ombe wawili hubaki nje ya ua akitazama nyasi.

Hapo ndipo ninapowakumbuka watoto wa Buhangija. Kuanzia miaka ya 2006 na 2007 zilienea habari za kuuawa na kukatwa viungo watu wenye ualbino katika Kanda ya Ziwa, Shinyanga na Geita zikiwamo, kwa imani chafu kwamba viungo vyao huvuta dhahabu na samaki. Watoto wengi wakapelekwa kwenye shule za bweni zenye ulinzi, mojawapo ikiwa Buhangija, mjini Shinyanga. Ilikuwa sawa kabisa. Mbele ya mapanga hakuna mjadala wa falsafa. Lakini miaka ikapita, na kukaonekana watoto waliokuwa wakikua bila kuijua sura ya mama yao, na kijijini kwao kukakua watoto wengine ambao hawakuwahi kucheza na mwenzao mwenye ualbino, wala kugundua kwamba anacheka na kulia kama wao. Kinga ilikuwa imeanza kula pembe ya picha, na pembe ile ilikuwa nyumbani kwa mtoto.

Watoto wale huvaa kofia pana, kwa kuwa jua huwaumiza macho na ngozi. Naamini wao wanalijua somo hili kuliko sisi. Kwao ukingo wa kofia hauwatengi na dunia. Ndio unaowawezesha kuitazama. Hakuna kati yao aliyewahi kuomba ashushiwe kofia hadi kidevuni. Wanaowalinda, na wote tunaokinga jambo lolote kwa niaba ya wengine, tunapaswa kuwauliza wao ukingo ukomee wapi, na kuwauliza tena mwakani.