Kiatu Ulichokivua Kinamfikia Nani?



Sisi ni watu wa kuvua viatu mlangoni. Shemasi anayesimama penye mlango siku ya ibada huona kitu ambacho wenye kukaa mbele hawakioni: huona viatu bila watu. Huona soli iliyoliwa upande mmoja, sandali iliyoshonwa mara tatu kwa uzi wa nailoni, na baskete nyeupe ya kijana iliyosuguliwa kwa brosi mpaka kitambaa kimebaki laini kama karatasi. Jiwe la lava halimhurumii mtu. Anayetembea kila siku kutoka mitaa ya juu mpaka Kituku kuteka maji au kupokea mzigo wa boti anajua soli haikai miaka miwili katika mji huu.

Ndiyo maana vijana wa parokia waliposema tuweke sanduku la kukusanya viatu vilivyotumika, wengi walisema amina mara moja. Mimi pia nasema amina. Lakini nataka tuulize kwanza jambo moja: mtu akikitia kiatu chake sandukuni, ametoa sadaka, au ametupa takataka mahali ambapo hakuna atakayemgombeza?

Jambo la sanduku si geni duniani. Katika miji ya Marekani na Ulaya yako maduka yanayouza viatu vya mbio peke yake, na mengi yao huweka sanduku karibu na meza ya kulipia. Huko mkimbiaji huambiwa abadilishe viatu baada ya kilomita 500 hadi 800 hivi, kwa kuwa ile sponji iliyo ndani ya soli inachoka na haimrudishi tena mguu juu. Kwa nje kiatu bado ni kizima. Kitambaa hakina tundu, gundi inashika, kamba ni nzuri. Kwa mtu wa marathoni kimekufa. Kwa mtu wa kwenda sokoni kina mwaka mzima ndani yake. Basi mwenye duka anasema: acha cha zamani hapa, nunua kipya. Tusimlaumu kwa sababu na yeye anapata faida hapo. Mtu anaweza kufanya biashara na wema kwa mkono mmoja.

Baada ya hapo viatu hufungwa jozi kwa jozi, vinapelekwa penye kuchaguliwa, na njia zinagawanyika. Vilivyokwisha kabisa vinaweza kusagwa. Kampuni ya Nike ilianza kazi hiyo katika miaka ya 1990, ikitenga mpira, sponji na kitambaa kusudi vitumike kutandika viwanja vya michezo. Vizuri vinapewa watu bure, au vinauzwa kwa kilo. Vinavyouzwa kwa kilo hufungwa balo, hutiwa ndani ya kontena, huvuka bahari, hushuka Mombasa au Dar es Salaam, hupanda malori. Siku moja mama mmoja wa soko letu analipa balo ambalo bado limefungwa.

Hapo ndipo ninapotaka tukae kidogo.

Yule mama hanunui viatu, ananunua bahati. Hawezi kufungua balo kabla ya kulipa. Fedha aliyoshika ni ya likelemba, zamu yake imefika baada ya miezi, au ni mkopo wa shemeji. Akikata kamba na kukuta jozi nyingi nzuri, watoto wanalipiwa shule. Akikuta viatu vya mguu mmoja bila mwenzake, soli zilizopasuka, na baskete zilizooza kwa kuwekwa zikiwa na maji, uzito ule wote amekwisha kuulipia. Hakuna wa kumrudishia. Mwaka 2025 benki za Goma zilipofunga milango, akina mama wengi walibaki na mtaji ule tu uliokuwa umegeuka bidhaa mbele yao. Hebu fikirini balo bovu katika miezi kama ile.

Sasa mrudieni yule mtu wa mbali aliyeweka kiatu chenye tundu ndani ya sanduku, akaenda nyumbani akijiona mkarimu. Hakumwibia mtu mbele ya macho yake. Lakini mwisho wa njia yuko mtu aliyelipa kwa ajili ya ule uchafu, na ndiye aliye maskini kuliko wote waliokishika kiatu kile. Nabii Amosi aliwakemea watu wa Israeli waliompimia maskini bei ya jozi ya viatu. Tumezoea kufikiri maneno yale yanawahusu wanunuzi wa watu tu. Mimi nadhani yanamgusa pia anayetoa bila kutaka kujua nani atalipa.

Labda mtu atasema: shemasi, dhambi iko kwa wale wanaouza kilichotolewa bure. Hapana, sikubali. Kiatu hakitembei baharini chenyewe. Meli inalipwa, lori linalipwa, mpakani kuna ushuru, na kijana anayebeba balo mgongoni anakula kwa jasho lake. Tena mgeni akileta viatu elfu na kuvigawa bure pale Kituku, mama mwenye meza ya viatu atafanya nini wiki ile? Na fundi wa viatu anayekaa chini ya mwavuli? Bure ya siku moja inaweza kufunga meza ya mwaka. Kuuza si uongo. Uongo ni kusema jambo moja na kufanya lingine.

Mfano uko karibu. Kule Singapore, kampuni ya Marekani iitwayo Dow pamoja na shirika la michezo la serikali waliweka masanduku na kuwaambia watu kwamba viatu vyao vitasagwa vitengeneze viwanja vya kuchezea na njia za kukimbilia. Waandishi wa shirika la habari la Reuters wakaficha vyombo vya kufuatilia ndani ya jozi 11, wakavitia sandukuni, wakangoja. Mwezi wa Februari 2023 wakatangaza walichokiona: nyingi zilikuwa zimevuka kwenda Indonesia, na nyingine zilipatikana katika masoko ya mitumba, huku Indonesia imekataza kuingiza mitumba tangu 2015. Angalieni: viatu vile havikupotea. Vilikwenda kuvaliwa na watu, jambo ambalo pengine ni jema kuliko kusagwa. Hata hivyo waliotoa walidanganywa, na nchi jirani iliingiziwa ilichokikataa. Tendo likaharibika kwa sababu ya neno. Ndivyo ilivyokuwa kwa Wagibeoni, waliovaa viatu vya viraka ili Yoshua aamini wametoka nchi ya mbali. Viatu vile vilikuwa vya zamani kweli. Maneno yaliyofuatana navyo ndiyo hayakuwa kweli.

Wako na wanaosema kuvaa kilichovuliwa na mtu mwingine ni aibu. Jirani zetu wa Rwanda walilichukua jambo hilo kwa uzito: mwaka 2016 walipandisha ushuru wa nguo za mitumba kutoka dola 0.20 hadi dola 2.50 kwa kilo, wakitaka viwanda vyao vipate nafasi, na mwaka 2018 Marekani ikawaondolea msamaha wa kodi kwa nguo zao. Ni mashindano ya wakubwa, sitayaamua mimi katika gazeti la kanisa. Lakini kuhusu aibu nina neno. Kule Kirotshe, kando ya ziwa hili hili, alizaliwa Makorobondo Salukombo. Vita ilimkimbiza akiwa mtoto, akalelewa Ohio, kisha akarudi kuwafundisha vijana wa kwao mbio. Mwaka 2016 alikimbia marathoni ya Olimpiki huko Rio kwa jina la Kongo, na Beatrice Kamuchanga wa kikundi hicho akakimbia mita 5000. Pale penye mstari hakuna aliyewauliza viatu vyao vya kwanza vilivaliwa na nani. Aibu haimo ndani ya kiatu. Imo katika namna kinavyotolewa: mtoto akiitwa mbele ya kusanyiko, apewe baskete huku watu wanapiga makofi, atakivaa lakini atakichukia.

Basi kwa sanduku letu naona hivi. Lisiwe sanduku la kutupia usiku. Kiatu kipokelewe mkononi, kwa macho, kikiwa kimeoshwa, mguu wa kushoto na wa kuume umefungwa pamoja. Usichoweza kumpa mtoto wa dada yako, usikilete. Kilichopasuka kidogo kiende kwa fundi na fundi alipwe. Asiambiwe kwamba ni kazi ya Mungu, watoto wake nao wanakula. Kilichokufa kabisa fundi atakikata, soli yake itaziba soli nyingine. Vilivyo vizima viuzwe kwa bei ndogo, na mlangoni iandikwe waziwazi ni jozi ngapi zimeingia, ngapi zimeuzwa, na faranga zimekwenda wapi. Wale wasio na kitu kabisa, ambao wazee wa kanisa wanawajua, wapelekewe nyumbani jioni bila kutangazwa.

Imebaki shida moja ambayo peke yangu siwezi kuimaliza, nayo ni bei. Tukiuza rahisi mno tutamwangusha yule mama wa balo ambaye tumemtetea hapa. Kwa hiyo akina mama wauza viatu wanaosali pamoja nasi wameombwa wabaki Jumapili baada ya ibada, pamoja na mafundi, watuambie wao bei gani haitawaumiza. Mpaka watakaposema, sanduku halitawekwa.