Mzigo wa Hatari

Maradhi hayana macho. Hayamtambui tajiri wala maskini. Hivyo ndivyo watu husema, na kwa upande mmoja husema kweli, kwa kuwa virusi vya korona havikuuliza cheo cha mtu kabla ya kumwingia. Lakini ijapokuwa maradhi hayana macho, yana njia zake, na njia hizo hupita kwenye milango ya watu fulani zaidi kuliko ya wengine.

Na tuukumbuke mwaka wa 2020. Mgonjwa wa kwanza nchini Kenya alitangazwa tarehe 13 Machi. Baada ya siku chache waajiri walitakiwa wawaruhusu watumishi wao kufanyia kazi nyumbani, isipokuwa wale ambao huduma zao ni za lazima. Karani alibeba kazi yake akaenda nayo nyumbani. Je, mfagizi wa hospitali angeibeba wadi? Mwuguzi angemwosha mgonjwa kwa simu? Hao, pamoja na makanga, bawabu na mchuuzi wa mboga, walitoka alfajiri kama desturi yao. Wengi wao walirudi jioni kwenye chumba kimoja cha jamaa nzima, ambako hata maji ya kunawa yalinunuliwa kwa mtungi.

Yamkini mtu atasema, "Kila kazi ina hatari yake. Mvuvi huijua bahari, naye huiendea kwa hiari." Hoja hii si ya kudharauliwa. Lakini mvuvi huutazama upepo, na siku ya tufani hukaa pwani. Kibarua wa ujira wa kutwa hakuwa na siku ya kukaa: asipofanya kazi leo, watoto wake hawali leo. Jambo la namna hiyo huitwa hiari, lakini kwa kweli ni lazima. Tena, usalama wetu sisi tuliokaa ndani ulitokana na kutoka kwake.

Mimi ni mwalimu. Shule zilipofungwa, mshahara wangu haukukatika. Mama mmoja aliniletea mboga mlangoni kila asubuhi, nami nilisimama mbali naye nikidhani nimetimiza wajibu. Sikumwuliza kama alikuwa na barakoa ya pili, wala angekula nini kama angeugua. Machi 2021, shehena ya kwanza ya chanjo ilipofika Kenya, wahudumu wa afya, polisi na walimu waliwekwa mbele. Mimi nilikuwamo katika safu ile, yeye hakuwamo.

Heri kinga kuliko ponya, walisema wazee. Lakini kinga ina gharama, na si haki gharama hiyo imwangukie yeye peke yake aliye hatarini kwa ajili ya wote. Kumsifu hakutoshi. Anayetangulizwa penye hatari hana budi kutangulizwa penye kinga, na siku ya ugonjwa wake apate chakula.

Msomaji, siku maradhi mengine yatakapokufungia mlango, jiulize kwanza: ni nani aliye nje ili mimi niwe ndani, nami nina deni gani kwake?