Kiti Kinachosubiri

Mvulana wa Singapore hujua tangu mdogo kwamba kati ya shule na chuo kikuu kuna jeshi. Utaratibu huo uliwekwa kwa sheria mwaka 1967, miaka miwili tu baada ya nchi hiyo kutengana na Malaysia, na kila raia wa kiume mwenye afya huitwa akifika umri wa miaka 18 hivi, kwa muda wa miaka miwili. Anaruhusiwa kumaliza kidato cha sita au stashahada kwanza. Shahada, hapana. Siku ya kuripoti, wazazi hupanda naye boti hadi kisiwa cha Tekong, wakaoneshwa bweni na kitanda chake, wakala naye chakula cha jeshi, kisha wakarudi mjini wakamwacha na wenzake waliokwishanyolewa.

Huyo kijana mara nyingi ana barua mbili au tatu za vyuo alizoziacha nyumbani, au atazipata akiwa kambini. Chuo Kikuu cha Taifa cha Singapore na kile cha Nanyang humtunzia nafasi mpaka amalize. Vyuo vingi vya Uingereza na Marekani navyo vimeizoea habari hiyo, humsogezea tarehe bila ubishi mkubwa. Ushauri anaopewa ni wa pesa na miaka. Shahada ya Uingereza kwa kawaida ni miaka mitatu, ya Marekani minne. Akienda London atamaliza ana miaka 24, akienda Boston 25, na wasichana aliosoma nao wameshaanza kupanda vyeo kazini. Ushauri huo una maana yake, hasa kama mzazi ndiye mlipaji. Naona tu kwamba unaliruka jambo lenyewe.

Uingereza, mwombaji huomba fani: sheria, udaktari, uhandisi, historia. Nafasi inayomsubiri ni ya fani hiyo. Marekani, katika vyuo vingi, mtu huingia kwanza na kutaja fani yake kuu mwaka wa pili. Kwa anayemaliza shule Juni na kuanza chuo Septemba, tofauti hiyo si kubwa sana. Kwa anayetumikia jeshi katikati, ni kubwa, kwa sababu anayejaza fomu na atakayeketi darasani ni kama watu wawili. Wa kwanza hajawahi kutandika kitanda bila mama kumkumbusha. Wa pili amelala chumba kimoja na mtoto wa dereva teksi na mtoto wa wakili, ametembea kilomita 24 na mzigo mgongoni, labda amekabidhiwa wenzake awaongoze hali hawajalala. Pengine amegundua kwamba damu inamtisha, na yule wa kwanza alishamchagulia udaktari.

Mzazi anayenunua sare mwezi wa sita kwa mtoto atakayeivaa mwakani, akiwa na busara, huacha pindo la kushusha. Ningekuwa mimi, ningechagua chuo chenye pindo, hata kama jina lake si lile linalowafanya shangazi watazamane harusini. Ningeuliza kwanza: nikirudi nimebadilika, hapa nitaruhusiwa kubadili fani bila kuanza upya? Mwaka mmoja wa ziada kwa ajili ya ruhusa hiyo siuhesabu kuwa hasara.

Lipo na jambo gumu zaidi, na hili ndilo linalonisumbua. Baadhi ya vijana hao hukubali nafasi ya chuo cha nyumbani, ikakaa imehifadhiwa, kisha wakatumia miezi ya jeshi kuomba tena vyuo vya nje wakiwa na alama mkononi. Je, ni haki kushikilia kiti ambacho huenda hutakikalia? Mtu mkali atasema ahadi ni ahadi. Mimi nashindwa kumkemea kijana huyo kwa haraka. Nchi ilichukua miaka yake miwili bila kumuuliza, na kiti kilichotunzwa ni sehemu ya malipo. Ila malipo hayo yana mtu wa tatu ndani yake: yule aliyekosa nafasi kwa alama chache. Kijana akiujua uamuzi wake mwezi wa tatu, asingoje mwezi wa nane kuutangaza. Chuo kinajua hesabu za watu wanaojitoa na hujipanga. Mwenye kuumia ni huyo ambaye jina lake liko karibu na mstari.

Sisi Tanzania tulijaribu kusubirisha watu kwa namna yetu. Oktoba 1966 wanafunzi wa chuo kikuu Dar es Salaam waliandamana kupinga kulazimishwa kwenda Jeshi la Kujenga Taifa (JKT), na moja ya manung'uniko yao ilikuwa kulipwa asilimia 40 tu ya mshahara katika kipindi hicho. Mwalimu Nyerere aliwafukuza zaidi ya 300, kisha akajikata mshahara wake mwenyewe kwa asilimia 20. Miaka minane baadaye, Novemba 1974, Azimio la Musoma likaenda mbali zaidi: hakuna kutoka kidato cha sita moja kwa moja hadi chuo kikuu. Kwanza jeshi, kisha kazi kwa miaka isiyopungua miwili, kisha barua za kukupendekeza kutoka kazini na kwenye chama.

Kuhusu mtu, Azimio lilikuwa na hoja. Aliyefanya kazi wilayani huuliza maswali mengine darasani. Lakini kusubiri hakukuwa na uzito ule ule kwa wote. Idadi ya wasichana waliorudi kusoma ilishuka, maana wengi walikuwa wameolewa na kuzaa, na haukupita muda mrefu wakaruhusiwa kuingia moja kwa moja. Na zile barua za mapendekezo zilimweka kijana chini ya mkono wa bosi wake. Singapore inamtunzia kijana kiti. Musoma ilimtaka akakitafute upya.

Leo JKT kwa mujibu wa sheria, baada ya kusimama mwaka 1994 na kurejea 2013, ni ya miezi michache, na aliyemaliza kidato cha sita anatoka kambini kabla chuo hakijafunguliwa. Hakuna anayeahirisha chochote. Ila matokeo hutoka na dirisha la udahili hufunguliwa huku kuruta yuko Bulombora au Mafinga kwenye mchakamchaka, na simu si kitu cha kushika muda wote. Huko nyumbani kaka yuko steshenari, anasoma orodha ya programu, anamuuliza mama, "Tumwekee ualimu au uhasibu?" Kuruta akipata vyuo viwili, atalazimika kuthibitisha kimoja, na anayethibitisha huenda asiwe yeye.

Kuhama programu kunawezekana mwaka wa kwanza, kwa muda mfupi, nafasi zikiwepo na sifa zikitosha. Muda huo ungeongezwa kwa waliotoka kambini, nisingeona kwamba wamependelewa. Afande amewafundisha kutii kwa miezi mitatu. Wiki chache za kujiamulia si nyingi.