Tundu la Sentimita 22

Dude lile kaka yangu alilitengeneza mwenyewe, uani kwetu Tanga: gurudumu la baiskeli lililolazwa juu ya nguzo, mapanga yaliyokatwa kwenye debe la mafuta, vipande vitano vya bomba la maji vilivyoning'inizwa kwa kamba, na vijiti vya mti vinavyoyagonga mabomba gurudumu likizunguka. Mchana sauti yake humezwa na kelele za mtaa. Kaka alipofariki, mama akaanza kulisikia usiku.

"Amekuja tena," aliniambia asubuhi moja. "Saa nane. Na jioni nzima hata jani halikutikisika. Wewe uliyesoma, hebu nieleze."

Nafundisha fizikia sekondari, nikalipokea kama swali la darasani. Nikamweleza kwamba mchana nchi kavu hupata joto haraka kuliko bahari, ndiyo maana upepo hutoka baharini. Jua likizama, nchi kavu hupoa haraka na bahari hubaki na joto lake. Katikati ya mabadiliko hayo hewa hutulia, jani halitikisiki. Usiku ukiwa mkubwa, hewa ya nchi kavu iliyopoa huanza kwenda baharini. Ni umande, upepo uleule wanaotoka nao wavuvi alfajiri.

"Ndio unaosukuma gurudumu, mama. Basi."

"Haya," alisema, akaendelea kuchambua mchele. Usiku ule hakufungua dirisha.

Dirisha lile lilinisumbua. Wapo wanaosema mfiwa aachiwe kinachomfariji. Sikubaliani nao: kumficha mtu mzima jambo aliloliuliza kwa kinywa chake ni kumfanya mtoto. Lakini kama nilifanya haki, kwa nini nilijiona kama mtu aliyechukua kitu kisicho chake?

Wiki iliyofuata kamba moja ilikatika. Nikaliteremsha bomba refu kuliko yote, la mita 1. Bomba likigongwa hupinda na kujikunjua kama upinde, mara nyingi kwa sekunde. Katikati na ncha zake hutikisika sana, lakini kuna sehemu mbili zinazotulia, kila moja ikiwa kama asilimia 22 ya urefu kutoka nchani. Ukifunga kamba hapo, sauti hudumu. Ukifunga kwingine, kamba huinyonya.

Nikapima. Tundu lilikuwa sentimita 22 kutoka nchani.

Kaka aliishia darasa la saba. Hakuna aliyempa hesabu hiyo. Ndipo nikaona matundu mengine, lile la sentimita 5, la 12, la 17, yote yameachwa. Alitoboa, akatundika, akagonga, akasikiliza, akateremsha, akatoboa tena. Chuma, kwa keekee ya mkono. Ncha za mabomba mafupi zilikuwa na alama za tupa, maana urefu wa bomba hauna msamaha: ukilikata nusu, mitetemo yake kwa sekunde huongezeka mara nne. Alikuwa akizitafuta sauti kwa kupunguza chuma kidogo kidogo.

Nikamwita mama. Akapitisha kidole kwenye tundu moja baada ya jingine.

"Kumbe ndizo zile kelele," alisema. "Nilimgombeza sana."

Nilichomwambia mwanzo hakikuwa uongo. Ila nilikomea kwenye upepo kwa sababu upepo ndio niliofundishwa. Umande ulipita juu ya ua huu kabla hatujazaliwa, na haukulia. Anayetaka kueleza kwa nini sasa unalia hana budi kufika kwa mtu aliyeharibu matundu matatu ndipo akapata la nne. Hiyo nayo ni sababu, nami niliiruka.

Simwambii mama kwamba kaka huja. Naye hajalisema tena. Kuna usiku hufungua dirisha na kuna usiku hafungui. Kamba nimeirudisha kwenye tundu lake.