Kizazi chenye umbo lingine: kosa ni la nani?

Kwetu Masisi na Walikale, mimba ikitoka mara ya pili ao ya tatu, swali halikawii. Haiulizwi ni nini, inaulizwa ni nani. Ni mzee wa ukoo aliyekufa bila kupewa mbuzi wake? Ni mke mwenza? Ao ni bibi mwenyewe, "anakula batoto mu tumbo"? Mara nyingi jibu linamwangukia yule aliyetoka nyumba nyingine. Mali ilitolewa kwa ajili yake, ng'ombe ao mbuzi, na sasa watu wanaanza kuihesabu upya.

Tuangalie kwanza jambo lenyewe, maana hukumu bila kujua ni kelele tu. Mtoto wa kike akiwa bado tumboni mwa mama yake, kizazi chake kinaanza kama mirija miwili, mmoja kuume na mwingine kushoto. Ndani ya miezi ya kwanza ya mimba mirija hiyo inakutana, inaungana, halafu ukuta uliobaki katikati unayeyuka, na panakuwa chumba kimoja. Kazi hiyo isipofika mwisho, binti anazaliwa na kizazi chenye umbo lingine. Wengine wana ukuta katikati. Wengine kizazi kina pembe mbili kama moyo, wengine ni nusu moja tu, na wachache wana vizazi viwili kamili. Kwa nje hakuna alama. Anakua, anakwenda mwezini kama wenzake, anaolewa. Kuna pia wale ambao kizazi hakikuumbika kabisa, karibu mmoja kati ya wanawake 5.000, hao matiti yanaota lakini damu ya mwezi haiji.

Kwa hesabu za waganga wa hospitali, wanawake kama 5 katika 100 wana umbo la namna hiyo, kubwa ao dogo, na wengi wao wanazaa bila kujua lolote. Katika kijiji chenye wanawake 200, basi, wanaweza kuwa kumi. Tunawasalimia kila siku njiani kwenda shambani. Kwa wengine shida inaonekana: mimba inatoka, mtoto anazaliwa mbele ya wakati, ao anakuja na matako kwa sababu hakupata nafasi ya kugeuka. Hatari zaidi ni mimba inayoshika ndani ya pembe ndogo iliyofungwa. Hiyo inaweza kupasuka hata mbele ya mwezi wa saba, na mama akatokwa damu nyingi tumboni pasipo mtu kuiona.

Sasa swali la kosa. Ili mtu awe na kosa, lazima awe alikuwa na njia mbili akachagua moja. Huyu bibi alichagua lini? Umbo la kizazi chake lilipangwa wakati yeye mwenyewe alikuwa mdogo kuliko kidole, hana jina, hana ukoo unaomjua. Hakuna uchawi aliokula, wala mwanaume aliyemjua kabla ya ndoa (maana hilo nalo husemwa, tena na watu waliosoma). Hata mama yake hana cha kujibu.

Najua mzee atajibu nini. Atasema: sikatai, lakini mali ilitolewa ili ukoo uendelee, bila mtoto, jina la baba linazimika. Maneno haya si ya kijinga. Kwetu mtu asiyeacha mtoto anaogopa kusahauliwa, na woga huo ni wa kweli. Lakini tuulize vizuri: mali inanunua kizazi, ao inafunga undugu kati ya nyumba mbili? Kama inanunua, basi tukubali kwamba tunauza mabinti wetu, na hakuna mzee hata mmoja atakayekubali kusema hivyo mbele ya watu. Kama ni undugu, undugu hauvunjiki kwa sababu ndugu amezaliwa na kiungo cha namna nyingine. Tena wapo mabwana wengi ambao shida ya kukosa mtoto iko kwao, na sijasikia mali ikiongezwa kwa sababu hiyo.

Desturi zetu wenyewe zimeshafikiria juu ya uzazi usio wa kawaida. Wanyanga wana kisa cha Mwindo, ambacho Daniel Biebuyck alikiandika mwaka 1956 kutoka kinywani mwa Shekarisi Rureke, kikachapwa mwaka 1969 kwa kazi yake na Kahombo Mateene. Mwami Shemwindo wa Tubondo aliamuru mabibi zake saba wazae mabinti tu. Sita walizaa, mimba ya yule aliyependwa ikakawia, hata mwenyewe akashangaa. Mwishowe mtoto akatokea kwenye kidole cha kati cha mama yake. Baba akamtupia mkuki, akamzika akiwa hai, akamfungia ndani ya ngoma na kuitupa majini. Na mwishoni, nani anasimama mbele ya watu kukiri ubaya wake? Ni Shemwindo. Wazee waliotuachia kisa hiki walijua kuweka hatia pale palipokuwa na amri, palipokuwa na mtu aliyechagua.

Kuchagua kunaanza siku tunapojua, na hapo ndipo sisi wengine tunaweza kukosea kweli. Bibi aliyepoteza mimba mbili ao tatu, ao aliyezaa mtoto wa matako mara kwa mara, apelekwe kwenye ekografi mapema. Si lazima kuuza ng'ombe kwa ajili ya kupasuliwa: utafiti uliotolewa mwaka 2021 juu ya kukata ule ukuta wa katikati haukuonyesha kwamba waliokatwa walizaa watoto hai zaidi ya wasiokatwa. Kinachohitajika sana ni kuzalia mahali penye daktari, damu na chumba cha kupasulia. Mama mkunga wa kijiji asisukume tumbo kwa nguvu ili kumgeuza mtoto.

Njia ni ngumu, ninajua. Mwaka 2025 vita ilifika Masisi-kati mwezi wa kwanza na Walikale-kati mwezi wa tatu, na wazazi walikimbilia porini pamoja na wengine. Hata siku za amani, kutoka milimani ni tipoyi kwenye mabega ya vijana. Ndiyo maana bibi wa namna hii asingoje uchungu umshike. Mwezi wa saba ukiisha, akae kwa ndugu aliye karibu na hospitali, na nyumba ya bwana ndiyo ipeleke unga, maharagi na makala. Gharama hiyo haifiki ile ya kumlipa mfumu, wala ya vikao vya kudai mali irudishwe.