Majina Kumi na Matatu

Kipofu, kiziwi, kiwete, kilema: Kiswahili kimeyapanga majina haya katika ngeli moja na kiti na kisu. Wapo wanaoona humo dharau ya wahenga, ingawa kijana na kiongozi nao wamo katika safu hiyo hiyo na hakuna anayewasikitikia. La kuangaliwa zaidi ni kitenzi. Mswahili hasemi kipofu kimekuja. Husema kipofu amekuja. Jina hubaki na kiambishi cha vitu, lakini mwenye jina anapotenda, sarufi humrudishia utu wake.

Je, sheria nayo huweza kumpa mtoto jina, kisha ikamrudishia utu? Marekani imelijaribu jambo hilo kwa nusu karne. Mwaka 1975 Rais Gerald Ford alitia saini sheria ya elimu ya watoto wote wenye ulemavu. Bunge lilikiri ndani ya sheria yenyewe kwamba watoto hao walizidi milioni 8, na kwamba milioni 1 kati yao walikuwa wamefungiwa kabisa nje ya shule za umma. Mlango ukafunguliwa, lakini ukawekewa bawabu. Sheria hiyo, ambayo tangu mwaka 1990 huitwa IDEA, ina makundi 13: uziwi, upofu na uoni hafifu, usonji, ulemavu wa akili, ugumu mahususi wa kujifunza, na mengineyo. Mtoto hapati elimu maalumu mpaka ithibitike kwamba ulemavu wake umo katika kundi mojawapo, na kwamba kwa sababu hiyo anahitaji mafunzo ya namna yake.

Wanaoyatetea majina hayo wana hoja nzito. Mtoto kiziwi hahitaji huruma ya jumla. Anahitaji mwalimu ajuaye lugha ya alama, na mwalimu huyo hulipwa mshahara. Jina ni hati ya deni: mtoto anadai, shule inadaiwa, na mzazi aweza kwenda nayo mahakamani. Shule iliyozoea kumwambia mama kwamba haijui imfanyeje mwanawe haina tena pa kujificha.

Lakini kuna kundi ambalo msomaji wa mashairi hawezi kulipita haraka, nalo ni la kuvurugika kwa hisia. Miongoni mwa dalili zake sheria imetaja hali ya jumla ya kukosa furaha, au unyonge wa moyo, iliyodumu kwa muda mrefu, kwa kiwango kikubwa, na inayoathiri masomo. Washairi wa mwambao wameitungia huzuni beti zisizohesabika bila kuifikisha kikomo. Hapa kamati ya shule inatakiwa kuamua ni lini imetosha. Tena sheria hutenga mtoto ambaye hakupatana na jamii, yaani mtukutu, isipokuwa naye athibitike kuwa amevurugika hisia. Mtoto avunjaye kioo cha darasa amevunja kwa uchungu au kwa ukorofi? Akiwa wa kwanza atapewa mshauri. Akiwa wa pili huenda akafukuzwa. Mpaka huo haukuchorwa na maumbile. Umechorwa na watu waliohitaji kumaliza kikao.

Umaskini nao umewekewa mpaka. Ugumu wa kujifunza uliotokana hasa na unyonge wa kiuchumi hauhesabiwi kuwa ulemavu. Nia ni njema: fukara asiitwe mgonjwa. Hata hivyo mtoto huyo bado hajui kusoma, na bado yuko nje ya mlango.

Na jina laweza kumwangukia asiye wake. Katika kesi ya Diana huko California, iliyomalizika kwa maafikiano mwaka 1970, watoto wenye asili ya Mexico walipimwa akili kwa Kiingereza, wakapelekwa katika madarasa ya wenye ulemavu wa akili. Walipopimwa tena na kuruhusiwa kujibu kwa Kihispania, wengi wao walionekana hawakustahili kuwekwa humo. Leo sheria hutaka mtoto apimwe kwa lugha yake inapowezekana, na miongoni mwa wanaohusika ni watoto wa wakimbizi wa Kongo wanaozungumza Kiswahili nyumbani.

Uingereza iliamua kuyatupa majina. Mwaka 1978 kamati iliyoongozwa na mwanafalsafa Mary Warnock ilipendekeza makundi yafutwe, na pawepo mahitaji maalumu tu. Sheria ya 1981 ikafuata. Lakini ikazuka hati mpya ya kuyathibitisha mahitaji hayo, na wazazi wakaigombania kama wengine walivyogombania majina. Mwaka 2005 Warnock mwenyewe aliandika kuukosoa mfumo huo, akiona kwamba watoto wenye haja zisizofanana walikuwa wamefunikwa kwa neno moja. Mtoto asiye na jina aweza kusahauliwa kwa adabu kabisa.

Marekani inalo jina moja pole kuliko yote: ucheleweshi wa makuzi. Halisemi mtoto ni nani wala atakuwa nani. Lasema tu kwamba bado hajafika. Majimbo yanaruhusiwa kulitumia kwa mtoto wa miaka 3 hadi 9. Akitimiza 10, kamati hukutana tena, na mtoto hutafutiwa jina jingine, au huambiwa hana haja ya msaada.